Picha Uliyoweka Haikai: Kutatua Matatizo ya Skrini Iliyofungwa

Skrini iliyofungwa ni sehemu ya simu inayotazamwa mara nyingi sana, na ndiyo inayoonekana hata na mtu asiye na ruhusa ya kuifungua simu. Kwa sababu hiyo wengi huweka hapo picha ya mtoto, ya mzazi aliyefariki, au aya wanayoipenda, na inauma sana pale picha hiyo inapokatwa kichwa, inapofifia, au inapotoweka usiku na kuacha tangazo mahali pake. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, kwa simu za Android na iPhone, na kila mara unaanza na swali lilelile: kwa sasa, ni nani anayeiamuru skrini hii? Anaweza kuwa wewe mwenyewe, mfumo wa simu, programu fulani, au mtu mwingine aliyepewa mamlaka juu ya simu hiyo. Ukishamjua mwenye amri, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Usipomjua, utabadilisha picha mara kumi na kila mara itarudi ileile.

Nimetumia maneno yanayoonekana kwenye Android iliyowekwa lugha ya Kiswahili, kama vile Mipangilio, Mandhari na Arifa. Kila kampuni hupanga menyu zake kwa namna yake, kwa hiyo njia ya haraka ni kufungua Mipangilio, kugusa kisanduku cha kutafutia kilicho juu, na kuandika "skrini iliyofungwa" au "mandhari".

Picha hubadilika yenyewe

Mwaka jana shangazi yangu alinikabidhi simu yake akiwa na hakika kwamba mjukuu wake huichezea usiku. Alikuwa ameweka picha ya marehemu mume wake, na kila asubuhi alikuta picha nyingine: mlima wenye theluji, gari jekundu, siku moja bakuli la matunda. Niliitazama skrini kwa makini kabla ya kugusa chochote. Chini kabisa, kwa herufi nyembamba nyeupe, palikuwa na sentensi moja ya habari na mshale mdogo pembeni yake. Nilipotelezesha kidole kuelekea kushoto, picha ikaipisha nyingine. Mjukuu hakuwa na kosa lolote.

Maandishi hayo madogo ndiyo alama ya kutafuta. Simu nyingi zinazouzwa kwetu, zikiwemo za Tecno, Infinix na Xiaomi, pamoja na baadhi ya Samsung, huja na huduma inayoleta picha mpya na vichwa vya habari kwenye skrini iliyofungwa, mfano wa jarida linalojifungua lenyewe. Huduma hiyo hupakua picha kwa intaneti, kwa hiyo mbali na kuondoa picha yako, hula pia bando lako. Mara nyingi huwashwa siku ya kwanza ya simu, pale mtu anapogusa "Kubali" mfululizo ili afike mwisho wa maandalizi. Ili kuizima, fungua Mipangilio, nenda kwenye Mandhari au Skrini iliyofungwa, na utafute kipengele kinachotaja jarida, mzunguko wa picha au huduma ya mandhari. Kizime, kisha uiweke picha yako upya, kwa maana kuizima huduma hakurudishi picha uliyokuwa nayo. Aghlabu skrini hurudi kwenye picha ya kiwandani, na hapo ndipo watu hudhani kwamba hawajafanikiwa.

Kwa mwenye iPhone kisababishi ni tofauti. Tangu iOS 16, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka Septemba 2022, mtu anaweza kuwa na skrini zilizofungwa kadhaa na kuifungamanisha kila moja na hali ya utulivu (Focus), kama vile ya kazi au ya usingizi. Ikiwa skrini yako hubadilika saa ileile kila siku, kwa mfano kila unapofika muda wa kulala, basi inafuata ratiba uliyoiweka wewe mwenyewe, pengine miezi mingi iliyopita. Bonyeza na ushikilie skrini iliyofungwa hadi zionekane zote zikiwa zimejipanga, kisha uangalie jina la hali lililoandikwa chini ya kila moja. Liguse, uondoe fungamano. Ikiwa picha hubadilika kila unapoigusa au kila unapoifunga simu, huo ni mchanganyiko wa picha (Photo Shuffle), ambao huchukua kundi zima badala ya picha moja, na tiba yake ni kuongeza skrini mpya yenye picha moja tu. Galaxy za Samsung za karibuni nazo zina hali na taratibu zinazoweza kubadilisha mandhari kwa saa au kwa mahali, kwa hiyo huko pia anza na ratiba kabla ya kuilaumu simu.

Matangazo hujitokeza juu ya kufuli

Dalili hii hufanana na ile ya kwanza, lakini mwenye amri ni mwingine. Hapa picha yako ipo palepale. Kinachotokea ni kwamba unapoiwasha simu unakutana kwanza na tangazo linaloijaza skrini, na ukilifunga unaikuta skrini yako chini yake. Hiyo ni kazi ya programu uliyoipakua, na mara nyingi ni programu iliyoahidi kitu kidogo, kama tochi, kusafisha simu, kuongeza sauti, au hata kupamba skrini iliyofungwa. Tangu 2017 kanuni za Google Play zinakataza programu kuweka matangazo kwenye skrini iliyofungwa, isipokuwa ile ambayo kazi yake pekee ni kuwa skrini iliyofungwa. Maana yake ni kwamba programu ya tochi inayofanya hivyo imevunja kanuni, na huna sababu ya kuistahi.

Namna ya kumpata mhusika ni kuiwasha simu katika hali salama. Bonyeza kitufe cha kuwasha hadi menyu ya kuzima itokee, ushikilie neno "Zima" kwa sekunde chache, na ukubali ombi la kuwasha tena katika hali salama. Katika hali hiyo programu zote ulizopakua hulala. Tangazo likikoma, una uhakika kwamba chanzo ni mojawapo ya hizo. Usishtuke ukiona wijeti zako, yaani vidirisha vidogo vya programu kwenye skrini, hazipo, kwa kuwa nazo ni sehemu ya programu zilizolazwa. Iwashe simu tena kwa kawaida, fungua Mipangilio, tafuta ruhusa ya "kuonyesha juu ya programu zingine", na usome majina yaliyowashwa. Programu ya kupiga simu za video inaweza kuwa na haja ya ruhusa hiyo, lakini tochi haina. Ondoa ruhusa ya kila unayoitilia shaka, na ile uliyoipakua siku chache kabla ya matangazo kuanza iondoe kabisa.

Ukilazimika kufungua mara mbili, yaani kutelezesha kidole kwenye skrini moja kisha kukutana na nyingine inayodai PIN, ujue kuna programu ya kufuli iliyowekwa juu ya kufuli la mfumo. Iondoe ile ya juu. Kufuli la kupakuliwa halina nguvu ya lile la mfumo, na kwa maoni yangu hakuna urembo unaostahili kukaa kati yako na PIN yako.

Picha hukatwa, au huonekana na ukungu

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na simu haina kosa hata kidogo. Ni hesabu tu. Skrini nyingi za sasa zina uwiano wa 20 kwa 9, yaani ni ndefu na nyembamba, ilhali kamera hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Tuchukue simu ya bei nafuu yenye skrini ya pikseli (nukta za picha) 720 kwa 1600, na picha ya harusi iliyopigwa simu ikiwa imelazwa, yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Ili picha hiyo iijaze skrini kutoka juu hadi chini, simu hutumia urefu wote wa 3000, na kwa upana inaweza kuchukua pikseli 1350 pekee kati ya zile 4000. Theluthi mbili za picha hutupwa. Kama walisimama watu 7 kwa mstari mmoja, utabaki na wawili au watatu wa katikati, na mama wa bwana harusi aliyesimama pembeni hatakuwepo. Picha ileile ikipigwa simu ikiwa wima, yaani 3000 kwa 4000, hubaki pikseli 1800 za upana kati ya 3000. Bado pande mbili hukatwa, lakini watu watatu au wanne hupata nafasi.

Ukungu nao hutoka kwenye hesabu hiyohiyo. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp hubanwa ili zisafiri haraka. Tuseme imekufikia picha ya 1600 kwa 1200: kipande kinachoweza kuijaza skrini ni 540 kwa 1200, na simu hulazimika kukitanua hadi 720 kwa 1600. Kwenye skrini ya 1080 kwa 2400 kipande hicho hutanuliwa mara mbili kila upande, na nyuso huanza kuonekana kama zimefunikwa kwa chandarua. Hakuna mpangilio wowote wa skrini unaoweza kurudisha kilichokwisha kupotea njiani. Mwombe mwenye picha aitume tena kama hati, ambayo haibanwi, au achague ubora wa juu kabla ya kutuma, nafasi iliyoongezwa na WhatsApp mwaka 2023. Picha iliyonaswa kwa kupiga picha skrini ya hali (status) ya mtu mwingine ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebanwa tayari na juu yake imebeba maandishi ya pembeni.

Kwa picha ya watu wengi ambayo hutaki kumwacha yeyote nje, suluhisho ninalolitumia ni kutoilazimisha ijaze skrini. Fungua programu yoyote ya kuhariri picha, tengeneza karatasi tupu yenye vipimo vya skrini yako, ipake rangi moja tulivu inayopatikana ndani ya picha yenyewe, labda ya kitenge cha mmoja wao, kisha uweke picha nzima katikati au chini kidogo. Juu hubaki nafasi ya saa na arifa, na hakuna anayekatwa.

Ikiwa picha ilikuwa safi na sasa imefifia tu, sababu huwa nyingine. Hali ya giza kwenye baadhi ya simu, zikiwemo za Samsung, ina swichi ya kupunguza mwanga wa mandhari, na swichi hiyo inaweza kuzimwa bila kuigusa hali ya giza yenyewe.

Saa huuficha uso, au haisomeki

Saa nyeupe juu ya kanzu nyeupe au anga la mchana haitasomeka. Kwenye iPhone yenye iOS 16 au zaidi, na kwenye Galaxy za karibuni, shikilia skrini iliyofungwa, uiguse saa, na uchague rangi nyingine. Kwenye Pixel za Google kazi hiyo ilirahisishwa na Android 14 ya mwaka 2023. Kama kushikilia hakuleti kitu chochote, hakikisha kwamba simu imekutambua kwanza kwa uso au kwa kidole, kwa sababu mtu asiyetambuliwa haruhusiwi kuhariri.

Wapo wanaotaka kichwa cha mtu kionekane kimesimama mbele ya saa, kama walivyoona kwa rafiki. Kwenye iPhone jambo hilo linahitaji XS, XR au iliyofuata. iPhone 8 na X zilipokea iOS 16 lakini hazina uwezo huo. Hata kwenye simu yenye uwezo, kichwa kikifunika saa kupita kiasi mfumo hukirudisha nyuma, na katika iOS 16 ukiweka wijeti chini ya saa athari hiyo huzimika kabisa. Ondoa wijeti, ushushe picha kidogo kwa vidole viwili, na kichwa kitarudi mbele.

Ukisafiri kutoka Zanzibar hadi Muskat ukakuta saa mbili zinazopishana kwa saa moja, simu haijaharibika: imeweka saa ya huko na ya nyumbani kwa pamoja, na kipengele hicho huzimwa kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa. Jambo jingine ni kwamba lugha ya simu ikiwa Kiswahili, siku huandikwa Jumatatu au Alhamisi, lakini saa huendelea kuhesabiwa kutoka usiku wa manane, hivyo saa moja asubuhi huonekana kama 7:00. Usijaribu kuirudisha saa nyuma kwa mkono ili isome kama tunavyosema. WhatsApp itakataa kufunguka ikidai kwamba tarehe si sahihi, na tovuti nyingi zitakwama.

Mandhari hai huganda, au hupotea simu ikizimwa

Kiokoa betri kikiwashwa, picha zinazotembea husimama na skrini inayowaka muda wote huzimika. Hilo ni kusudio. Kama kiokoa betri kimezimwa na bado mandhari huganda, angalia programu ya kusafisha simu, ile inayofunga programu zilizo nyuma ili "kuongeza kasi". Mandhari hai ni programu inayofanya kazi nyuma, kwa hiyo hufungwa pamoja na nyingine. Iondoe kwenye orodha ya zinazosafishwa. Na kama hupotea kila simu inapozimwa na kuwashwa, kuna uwezekano kwamba programu yake imehamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi husomwa baada ya mfumo kuamka, na mfumo usipoikuta mandhari wakati wa kuamka huweka ya kiwandani. Irudishe programu kwenye hifadhi ya simu.

Usipoliona kabisa chaguo la skrini kuwaka muda wote, tatizo ni aina ya skrini. Skrini za LCD huwaka zote kwa taa moja ya nyuma, kwa hiyo haziwezi kuwasha sehemu ya saa pekee, na simu nyingi za bei nafuu zinazo hizo.

Arifa: ama zote zinaonekana, ama hakuna hata moja

Hapa urembo unakutana na usalama, na ningependa msomaji asipite haraka. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money ukiingia, kiasi ulichopokea na salio vinaweza kuonekana na abiria aliyeketi kando yako kwenye daladala. Vivyo hivyo namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki. Android ina chaguo la kuficha maudhui nyeti kwenye skrini iliyofungwa, lakini lina sharti: ni lazima simu iwe na PIN, mchoro au nenosiri. Anayefungua kwa kutelezesha kidole pekee hatafaidika nalo, hata alitafute vipi. Weka PIN kwanza, kisha urudi kwenye Arifa. Kwenye iPhone tafuta mpangilio wa onyesho la kuchungulia (Show Previews) ndani ya arifa, na uchague lionekane simu ikiwa imefunguliwa tu.

Arifa zisipoonekana kabisa, anza na programu husika. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 kila programu mpya huomba ruhusa ya kutuma arifa, na aliyegusa "Usiruhusu" siku ya kwanza huwa ameshasahau. Kisha angalia kama arifa zake zimewekwa kuwa kimya, kwa kuwa simu nyingi huzificha za kimya kwenye skrini iliyofungwa. Mwenye iPhone aliyezoea matoleo ya zamani na azitafute chini: tangu iOS 16 arifa hutokea sehemu ya chini ya skrini ili zisifunike picha, na zikiwekwa katika mtindo wa hesabu huonyesha idadi tu.

Dalili mbili zinazotisha bure hutokea baada ya simu kuzimwa na kuwashwa. Ya kwanza ni kupigiwa na mtu unayemfahamu na kuona namba tupu bila jina. Kabla ya kufunguliwa mara ya kwanza, orodha ya majina huwa bado imefungwa kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri. Ya pili ni simu kukataa kidole na kudai PIN. Android pia hudai PIN angalau mara moja katika kila saa 72. Ingiza PIN, na yote mawili huisha.

Chaguo limefifia na haliguswi

Ukifungua mipangilio ya kufuli na kukuta "Hakuna" au "Telezesha kidole" yamefifia, huna tena amri kamili juu ya skrini hiyo. Anayeishika anaweza kuwa barua pepe ya kazini, cheti cha usalama kilichowekwa kwa ajili ya mtandao wa ofisi, au programu yenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa. Tafuta "programu za msimamizi wa kifaa" kwenye Mipangilio na usome zilizowashwa. Ya ofisini usiizime bila kuwauliza, kwani barua na faili za kazi zinaweza kufutwa.

Kwa simu zilizonunuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo hali ni nzito zaidi. Muuzaji huweka programu inayoweza kuifunga skrini malipo yakichelewa, kuweka ujumbe wake juu ya picha yako, na kuzuia baadhi ya mipangilio hadi deni liishe. Hiyo ni sehemu ya mkataba, na kuifuta simu yote hakuiondoi. Ukiwa umemaliza kulipa na ujumbe bado upo, simu inahitaji kuunganishwa na intaneti ili ipokee ruhusa ya kufunguliwa. Ikishindikana, nenda kwa muuzaji na risiti zako kabla ya kwenda kwa fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa barabara ya Luthuli, Nairobi.

Skrini inayodai PIN mara tu simu inapowaka isome vizuri kabla ya kujibu, maana inaweza kuwa ya laini wala si ya simu. Ukikosea PIN ya laini mara 3, utadaiwa PUK, namba ya kuifungulia laini, ambayo hutolewa na mtandao wako. Ukiikosea PUK mara 10, laini hufa na utahitaji kadi mpya. Kufuli la simu lenyewe ni kali kwa namna nyingine: aliyebadilisha mchoro jioni akausahau asubuhi mara nyingi hana njia isipokuwa kuifuta simu yote, na tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyofutwa hivyo hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kwa hiyo, kabla ya kuweka mchoro mpya, fungua Mipangilio, uitazame anwani ya akaunti iliyomo, na uhakikishe kwamba unalijua nenosiri lake. Wengi huikuta anwani iliyofunguliwa na muuza duka siku ya kununua, ambayo wao wenyewe hawajawahi kuiona.